Picha ya Tisa

"Usiniambie habari ya Mungu, Baba Mbula. Niambie habari ya taa."

Nyawira alikuwa amesimama katikati ya sebule na viatu miguuni. Alikataa kuvivua mlangoni na alikataa kuketi. Mutindi alikuwa amemletea chai, na chai ilikuwa inapoa juu ya meza kando ya karatasi kumi na moja ambazo Nyawira alikuwa amezipanga kama mtu anayegawa karata.

"Mimi nimesema tu tuombe hekima," Kisilu alisema. "Leo ni Jumapili."

"Omba. Lakini kwanza angalia picha."

Kisilu hakuangalia picha. Aliangalia kalenda ya kanisa ukutani, akaangalia mkewe, akaangalia mlango. Nje, chini ya mti wa mwarobaini, pikapu yake nyeupe ilikuwa imeegeshwa kwenye mteremko, kwa sababu stata ilikuwa imekufa tangu Pasaka na gari lilihitaji kusukumwa ndipo liwake.

"Hii ni ya saa kumi alfajiri," Nyawira alisema, akigonga karatasi ya kwanza kwa kidole. "Njia panda ya soko, taa nyekundu. Hii pia alfajiri. Hii ni saa nane mchana, watoto wa shule wako kando ya barabara, unawaona? Na hii." Kidole kilikaa kwenye karatasi ya nne. "Hapa unapungia kamera mkono."

Mutindi alisogea akaangalia. Ilikuwa picha safi kuliko picha zao za harusi. Kisilu alionekana kupitia kioo cha mbele, kofia kichwani, kiganja kimefunguliwa, meno yote nje.

"Nilikuwa nafukuza nzi."

"Na hapa kwenye ya saba? Ni nzi yule yule?"

Kisilu akaingia njia nyingine. "Nyawira, wewe unakaa Nairobi, hujui mambo ya huku. Ukisimama pale alfajiri, vijana wanapanda nyuma wanashusha magunia. Nimeibiwa ndengu magunia mawili kwa taa nyekundu. Na hii gari ikisimama kidogo inazima. Nani atanisukuma saa kumi? Barabara haina hata paka."

"Saa nane mchana?"

"Hiyo ya saa nane sijui."

"Mama yangu ana miaka sabini na mbili," Nyawira alisema, na sasa sauti yake ilishuka, ikawa mbaya zaidi kuliko alipokuwa anapaza. "Hajawahi kuendesha hata baiskeli. Jumanne saa tatu anasimama mbele ya hakimu kwa makosa kumi na moja ya kupita taa nyekundu."

"Si angeniita? Mesiji zilikuwa zinaenda kwake. Angeniita zile za kwanza, ningejua."

"Ana kabambe, simu ya vitufe tu. Alidhani ni wale matapeli wa kusema umeshinda pesa. Mimi ndiye nilimwambia azifute." Nyawira alijigonga kifua kwa kidole. "Mimi. Nilimwambia, mama, futa, hao ni wezi. Amefuta kumi na moja. Ya kumi na mbili ilikuwa polisi, alikuja dukani na karatasi ya korti, mbele ya wateja."

Pikapu ilikuwa ya Eunice, mama yake Nyawira, mwenye duka karibu na soko la Makindu. Mumewe, mzee Kanyi, alipokufa, Eunice hakuwa na wa kuiendesha, akamuuzia Kisilu, kwa sababu walikuwa wanasali kanisa moja na Kisilu ndiye aliyebeba jeneza upande wa mbele. Wazee wa kanisa waliketi, wakaandika makubaliano nakala mbili, Mutindi akatia sahihi kama shahidi, wakaomba, wakanywa soda. Jina kwenye logibuku, hati ya umiliki wa gari, likabaki la Eunice. Kulibadilisha kulikuwa na ada, na safari, na mtandao usiofunguka, na daima kulikuwa na wiki ijayo. Wiki ijayo ilikuwa imefika miaka mitatu.

"Sheria iko hivi," Nyawira alisema. "Mwenye jina ndiye mwenye kosa, mpaka aseme nani alikuwa anaendesha na athibitishe aliuza. Nakala ya mama imeliwa na mchwa. Sanduku lote. Yenu mnayo?"

Alimuuliza Mutindi, si Kisilu. Mutindi alifungua kinywa.

"Tutaitafuta," Kisilu alisema haraka.

"Itafuteni." Nyawira alichukua mkoba wake. Karatasi aliziacha mezani. "Hizo ni nakala zenu. Zangu ninazo. Mama Mbula, ziangalie zote. Usiache hata moja."

Alitoka. Alama za viatu vyake zilibaki kwenye sakafu ambayo Mutindi alikuwa ameipiga deki asubuhi, na Mutindi alimwaga chai nje.

Musyimi, ndugu yake Kisilu, alikuja kabla giza halijaingia, wakati ambao hakosei, muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, ikishuka jikoni. Alisikiliza habari yote akila. Alipomaliza sahani ya kwanza alikuwa na maoni tayari.

"Hiyo kamera ni jembe la kulima watu," alisema. "Kampuni inalipwa kwa kila picha. Unadhani wanataka tusimame? Tukisimama wote watakula nini? Na taa ya njano wameikata. Jamaa wa lori aliipima na simu. Sekunde mbili! Huwezi kushika breki na mzigo kwa sekunde mbili."

"Mwambie huyu," Kisilu alisema, akimwonyesha mkewe kwa kijiko.

"Pesa zenyewe zinaenda wapi? Uliza kaunti, wanasema ni za serikali kuu. Uliza hao wakubwa, wanasema uliza kaunti. Pale kwenye taa mvua ikinyesha ni dimbwi hadi magotini. Wangejenga hata mtaro mmoja, ningenyamaza."

"Ulikuwa kwenye mazishi ya mtoto wa Kaveke," Mutindi alisema.

Musyimi aliweka kijiko chini. "Hiyo ni kitu ingine, shemeji."

"Ni kitu ile ile. Lori halikusimama. Tukaandamana, tukaziba barabara na matawi, tukataka taa. Wewe ulibeba tawi. Tangu taa iwekwe, umezika mtoto gani pale?"

"Taa, sawa. Mimi nasema kamera."

"Kabla ya kamera nani alikuwa anasimama?"

Kuku waliingia mlangoni wakafukuzwa. Kisha Musyimi akainama mbele, akashusha sauti ingawa hapakuwa na mtu mwingine wa kusikia.

"Tuongee kama watu wa nyumba. Karatasi ya makubaliano iko kwako, Mama Mbula?"

"Iko."

"Ya mama imeliwa. Kwa hivyo ni hiyo moja tu. Hiyo ikipata moto, nani anajua nani aliuza nini? Wazee walioshuhudia, mmoja amekufa, mwingine amehamia kwa mtoto wake kule Mwingi. Na huyo mama ana watoto Nairobi, wana kazi nzuri. Watalipa. Tena si mtu wa kwetu."

Mutindi alikuwa mwanamke wa maneno machache na hesabu za haraka.

"Choma," alisema. "Kesho asubuhi Nyawira anakuja na logibuku ya mama yake na askari, anasema gari la mama liko hapo chini ya mwarobaini, naomba funguo. Utamwonyesha nini? Majivu?"

Musyimi alifikiri. Ilionekana usoni jinsi alivyokuwa anafikiri. Kisha akaomba aongezwe muthokoi.

"Hatuchomi kitu," Kisilu alisema. "Nitaenda kwa huyo mama mwenyewe. Ni mtu wa Mungu. Nitamwomba akubali makosa, mimi nilipe. Elfu tatu mara kumi na moja. Kuna mtu pale soko la Tulia ana pesa yangu ya ndengu. Hakimu akiona mvi atamhurumia, lakini mimi akiniona atachukua laiseni na gari. Tutakula nini?"

Hilo swali la mwisho halikuwa la hila. Mutindi alilijua kama alivyojua kina cha debe la unga. Pikapu ndiyo iliyokuwa inaleta ndengu na maembe kutoka upande wa Kitui hadi kwa wanunuzi wa barabara ya Mombasa, na hapakuwa na kitu kingine kilichokuwa kinaleta chochote.

Wanaume walipotoka kwenda kutazama tairi la pikapu, alikusanya zile karatasi. Alikuwa ameambiwa asiache hata moja, na alikuwa mtu wa kumaliza kazi. Ya tano, ya sita. Ya saba, ya nane. Akafika ya tisa akaketi.

Kwenye kiti cha abiria alikuwa yeye. Kitambaa cha bluu kichwani, siku ya kurudi kutoka kliniki ya meno, saa nane na dakika kumi na mbili. Hakuwa amelala wala hakuwa ameshtuka. Mkono wake ulikuwa umenyooshwa mbele, kidole kinaonyesha barabara, kinywa wazi. Na alikumbuka kilichokuwa kinatoka kinywani, neno kwa neno, kwa sababu walikuwa wamecheka mpaka daraja la reli.

"Pita, Baba Mbula. Hiyo picha inaenda kwa Mama Nyawira."

Nyawira alikuwa ameiona. Alikuwa ameyameza hayo kimya, akiwa amesimama na viatu vyake.

Mutindi aliitoa karatasi ya tisa, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye bahasha ya plastiki iliyokuwa na vyeti vya kuzaliwa, matokeo ya mtihani ya Mbula, na makubaliano ya gari. Bahasha akairudisha chini ya godoro. Kisha akafikiri habari ya Musyimi, akaitoa tena, akaitia kwenye mkoba wake wa kanisani, na huo mkoba hakuuacha nyumbani tena.

Jumatatu duka la Eunice lilikuwa na watu. Kisilu na Mutindi walisimama kando ya magunia ya mchele wakisubiri, na kila mteja aliyeingia aliwasalimu kwa sauti ya mtu ambaye ameshasikia. Mwanamke mmoja alinunua sabuni moja kwa dakika tano nzima.

Mwishowe duka likawa tupu. Kisilu alivua kofia, akazunguka kaunta, akapiga magoti kati ya magunia.

"Inuka," Eunice alisema. "Hapo nimemwaga mafuta ya taa."

"Mama, nimekukosea."

"Najua. Inuka, utaharibu suruali."

Aliinuka. Magoti yalikuwa tayari yamelowa. Alieleza mpango wake vizuri, kwa heshima, bila kumwangalia usoni: akubali makosa, asijibizane, faini yeye Kisilu ataileta yote asubuhi kabla hajaitwa. Yeye Eunice gari halihitaji, laiseni hana, kwa hivyo hawana cha kumnyang'anya.

Eunice alikuwa anapanga mayai kwenye trei, makubwa huku, madogo huku. "Na jina?"

"Jina gani, mama?"

"Langu. Nimekaa Makindu hii miaka arobaini na moja. Sijawahi kuitwa hata na chifu."

Kisilu alisugua kofia yake. Mutindi alihisi mkoba begani kama mtu ametia jiwe ndani. Angeweza kuufungua hapo hapo. Aliangalia mayai.

"Watu wanatukana hiyo kamera wakija hapa," Eunice aliendelea. "Kila siku. Wengine wanasema ni wizi, na pengine ni wizi, mimi sijui pesa zinaenda wapi. Lakini hili goti langu ni bovu. Zamani nikienda kanisani nilikuwa nasimama pale robo saa, nikivuka navuka nikikimbia, mzee kama mimi, nimeinua rinda. Sasa magari yanasimama. Navuka polepole. Nawaangalia kwenye vioo, nasema asante." Aliweka yai la mwisho. "Sikujua gari langu ndilo halisimami."

"Si langu," akajisahihisha. "Lenu."

"Mama, watoto watalala njaa," Kisilu alisema.

"Nimesikia. Leta pesa yote kabla sijaitwa. Mimi nitasema ni kweli. Nyawira nitaongea naye." Kisha akamgeukia Mutindi kwa mara ya kwanza. "Wewe Mama Mbula, huna neno?"

"Sina, mama."

"Haya. Chukueni mkate huo, ni wa jana. Siwezi kuuuza."

Walichukua. Walipokuwa njiani Kisilu alikuwa amechangamka, akapiga simu Tulia mara tatu, na mara tatu simu ikaita mpaka ikakatika. Mara ya nne ilipokelewa. Mkate waliula na chai jioni, na Mutindi alikumbuka baadaye kwamba ulikuwa mtamu.

Jumanne asubuhi uwanja wa korti ulikuwa umejaa. Wengi walikuwa wa kamera. Walijulikana kwa jinsi kila mmoja alivyoshika picha yake mwenyewe.

Kisilu hakuingia uwanjani. Aliegesha nje ya ua, chini ya dirisha la chumba cha kesi, akakanyaga mafuta kidogo kidogo ili injini isizime, maana stata ilikuwa bado mbovu. Nyuma alikuwa na magunia ya mtu, ya kupeleka Mwingi.

"Unaenda Mwingi leo?" Mutindi aliuliza.

"Ni kazi. Nitakataa kazi na hali hii?" Alichomoa bahasha mfukoni, akamkabidhi kupitia dirishani. "Mpe."

Mutindi aliigusa akajua. "Ni ngapi?"

"Yule wa Tulia ametuma nane. Nyingine Ijumaa."

"Ulimwambia zote. Kabla hajaitwa."

"Nimesema Ijumaa! Wana maduka hao, hawawezi kukosa. Nenda, utachelewa. Mimi nangoja hapa nisikie imeishaje."

Kwenye veranda ya korti watu walikuwa wanapigana kwa maneno. Dereva wa lori, shati wazi hadi kitovuni, alikuwa ameinua simu juu. "Nimerekodi! Hesabuni wenyewe! Njano inakuja, moja, mbili, nyekundu! Huo si usalama, huo ni mtego wa panya!"

"Na wewe ni panya?" mtu aliuliza, watu wakacheka.

"Cheka. Lipa ucheke."

"Wangeweka hata ubao," kijana wa bodaboda alisema. "Kamera mbele, punguza. Hapana. Wameificha kwenye nguzo kama mchawi."

Kaveke, anayeuza chai na maandazi kwenye ua wa korti, alikuwa anapita na birika. Aliposikia hilo alisimama. Watu walimfungulia nafasi bila kuambiwa. Mtoto wake ndiye aliyegongwa pale.

"Ubao wa nini?" alisema. "Taa yenyewe si ubao? Ni nyekundu. Hata ng'ombe anaiona." Akamimina chai kwenye kikombe cha dereva wa lori. "Ishirini. Na usinipe picha, nipe pesa."

Dereva alilipa. Lakini Kaveke alipokwenda, dereva alisema kwa sauti ya chini, bila hasira, "Mimi mtoto wake namlilia. Lakini mbona faini yangu haimjengei hata daraja la kuvukia?"

Mutindi alimkuta karani mlangoni, akauliza mtu akikubali kosa anapewa muda gani wa kulipa.

"Leo. Saa kumi tunafunga dirisha la malipo." Karani hakuinua macho. "Asiyelipa anapanda gari la magereza. Kwa makosa mengi hivi, mwezi, pengine zaidi."

"Hata mzee?"

"Mama, mimi naandika tu."

Eunice alikuwa ameketi benchi la mbele na kitambaa cheupe cha kanisani, Nyawira kando yake. Nyawira alimwona Mutindi akageuza uso ukutani. Mutindi alipita kati ya magoti ya watu, akainama, akamtia Eunice bahasha mkononi.

Eunice aliipima kwa kiganja. Miaka arobaini na moja ya kuuza duka, hakuhitaji kufungua. "Ni zote?"

"Ni elfu nane, mama. Nyingine anasema Ijumaa."

Nyawira aliruka. "Nilikuambia! Mama, nilikuambia! Mimi nina kumi tu, mshahara bado, nilikuambia hawa watu..."

"Keti," Eunice alisema. Kisha akamwambia Mutindi, "Sawa."

Aliitia ile bahasha ndani ya mfuko wa kiondo uliokuwa miguuni pake, na kiondo kilipofunguka Mutindi aliona kilichokuwamo: sweta, mswaki, dawa za presha kwenye karatasi ya nailoni, na kipande cha sabuni. Vitu vya mtu aliyejiandaa tangu nyumbani. Alikuwa ameyapigia hesabu magoti ya Kisilu, alikuwa amewasikiliza Jumatatu wote wawili, alikuwa amewapa mkate, na alikuwa amejua.

Mutindi alirudi nyuma akapata nafasi mwisho wa benchi. Kupitia dirishani aliisikia pikapu. Ilikuwa inanguruma, inashuka karibu kufa, inanguruma tena. Mtu mmoja alisema nani huyo mjinga anachoma mafuta bure.

Hakimu aliingia, mwanamke kijana mwenye miwani, watu wakasimama wakaketi. Kesi za kwanza zilikwenda haraka. Dereva wa lori alionyesha simu yake. Hakimu alitazama video mara mbili, akaandika, akasema hilo la taa ya njano alete kwa maandishi, lakini akiwa ameshalipa. Watu walinung'unika. Karani akaita jina.

"Eunice Kanyi."

Eunice alisimama. Ilimchukua muda, kwa sababu ya goti, na akashika kizimba kwa mikono yote miwili. Mwendesha mashtaka alianza kusoma: kosa la kwanza, tarehe, saa, gari lenye namba fulani, lilipita taa ikiwa nyekundu. Kosa la pili. Alisoma yote kumi na moja kwa sauti ile ile. Alipofika la tisa, saa nane na dakika kumi na mbili mchana, Mutindi aliona kwamba mkono wake mwenyewe ulikuwa tayari ndani ya mkoba.

"Mama," hakimu alisema, "umesikia mashtaka. Ni kweli au si kweli?"

Eunice alilainisha midomo. Aligeuza kichwa kidogo kumtafuta binti yake, kisha akamtazama hakimu.

"Ni kw..."

"Si kweli," Mutindi alisema.

Alikuwa amesimama. Hakukumbuka kusimama. Askari wa korti alimwonyesha kwa mkono aketi, na yeye akaanza kutembea mbele, akisema samahani, samahani, kwa miguu ya watu.

"Wewe ni nani?" hakimu aliuliza.

"Naitwa Mutindi Kisilu. Huyu mama haendeshi gari. Aliliuza. Hii ndiyo karatasi ya kuuziana, na hapa chini, shahidi, hiyo ni sahihi yangu." Aliiweka mezani kwa karani, kisha akaikunjua ile nyingine, akainyoosha kwa kiganja kwa sababu mikunjo ilikuwa imekazana. "Na hii ni picha ya tisa, imesomwa sasa hivi. Anayeendesha ni bwana yangu. Huyo wa kando anayenyoosha kidole ni mimi. Mimi ndiye nilimwambia apite."

Hakimu aliangalia picha, akamwangalia Mutindi, akaangalia picha tena.

"Unajua unachokifanya?"

"Najua. Tunakula kutoka kwa hiyo gari."

"Bwana yako yuko wapi?"

Nje ya ukuta injini ilinguruma, ikashuka, ikanguruma.

"Hapo," Mutindi alisema. "Ndiyo hiyo mnasikia."

Hakimu aliinua kidevu kumwelekea askari, na askari akatoka, akivaa kofia. Watu wa upande wa dirisha waliinuka kidogo kutazama. Ilisikika sauti ya mtu akigonga bati la mlango wa gari, na sauti ya Kisilu ikiuliza nini, kuna nini, mimi niko na mzigo wa watu. Injini ilipanda mara moja juu sana. Kisha askari akasema kitu kifupi, na mguu ukatoka kwenye mafuta.

Gari lilitetemeka, likazima.

Eunice alikuwa bado ameshika kizimba. Mutindi alisimama kando yake, mkoba wazi, akisikiliza. Pale nje hapakuwa na mteremko.